Bei ya Futi Ni Mwanzo Tu: Gharama ya Kubadilisha Fesha Bodi Nairobi

Swali la kwanza la mwenye nyumba anayebadilisha fesha bodi huwa ni moja: "Fundi, futi ni pesa ngapi?" Fundi anataja bei, mwenye nyumba anazidisha kwa urefu wa paa, na wote wawili wanaachana wakiamini wameelewana. Hesabu huanza kuharibika hapo hapo. Kwenye nyumba ya kawaida ya Nairobi, mbao zenyewe mara nyingi hazifiki nusu ya bili. Pesa huliwa na majukwaa ya kupandia, na gata (mfereji wa maji ya paa) linalopasuka likishushwa, na ncha za rafta (mbao za mteremko zinazobeba paa) zilizooza kimyakimya nyuma ya rangi nzuri. Zaidi ya yote huliwa na kuirudia kazi hiyo hiyo baada ya misimu michache ya mvua, kwa kuwa hakuna aliyeuliza ubao wa kwanza uliuawa na nini.

Fesha bodi ni ule ubao unaozunguka ukingo wa paa na kufunika ncha za rafta. Mafundi huutamka hivyo. Risiti ya duka la hadwea huuandika kwa Kiingereza kilichopinda, "facial board", kana kwamba ni ubao wa kupodolea uso. Ukiwa barabarani unauona kama pambo. Kumbe umebeba gata lililojaa maji, unazuia njiwa, popo na nyuki wasihamie darini, na kwenye paa la vigae ndio unaoinua safu ya kwanza ikae kwa mteremko mmoja na zilizo juu yake. Siku hizi umetwikwa na mengine: dishi la televisheni, kebo ya intaneti, taa ya usalama, kamera. Kila kimoja kimepigiliwa msumari au skrubu, na kila tundu ni mlango wa maji. Anayekuja kufunga dishi hajali ubao wako, ana nyumba nyingine 4 za kwenda kabla jua halijazama.

Kabla ya kupiga hesabu yoyote, panda ngazi na bisibisi bapa. Usiamini rangi. Rangi ya mafuta hubaki imesimama kama ganda la yai hali mbao ndani imekwisha. Choma kwenye kona, chini ya maungio ya gata, pale bomba la kushushia maji linapoanzia, na pale mbao mbili zinapokutana. Bisibisi ikizama milimita 5 bila kuisukuma kwa nguvu, hapo hamna mbao tena. Gonga pia kwa mpini: mbao nzima hutoa mlio mkavu, iliyooza hulia kama katoni. Kisha ingia darini na tochi, utambae hadi ukingoni, uzitazame ncha za rafta kwa ndani. Yenye doa jeusi au utando mweupe wa kuvu, itie alama ya chaki na uihesabu. Idadi hiyo ndiyo itakayoamua bili yako kuliko bei ya futi, na fundi anayekupa bei akiwa amesimama getini hajaiona.

Jambo la pili ni kujua nini kiliua ubao. Nairobi washukiwa ni wawili: maji na mchwa, na maji ndiyo yanayotangulia mara nyingi.

Maji huanzia kwenye gata. Mvua za masika huja Machi hadi Mei, za vuli Oktoba hadi Desemba, na kati ya Septemba na Novemba jakaranda za mtaani zinamwaga maua. Vijani vya jakaranda ni vidogo mno, vinapita kwenye wavu wa gata na kujipanga chini kama mkeka. Mvua ya kwanza ya vuli inakuta mkeka huo tayari. Maji hayana pa kwenda, yanafurika kwa nyuma, kati ya gata na ubao, na hapo hukaa. Gata la nusu duara lenye upana wa sentimita 12.5 likijaa hubeba karibu lita 6 kila mita. Upande wa mita 11 ni zaidi ya kilo 65 za maji zinazoning'inia kwenye breketi zilizoshikwa na ubao wa unene usiotimia inchi moja. Skrubu zinaanza kulegea, gata linashuka katikati, maji yanatuama pale liliposhuka, na mzunguko unaanza upya.

Chanzo kingine cha maji ni bati fupi. Bati linapaswa kupita uso wa fesha bodi kwa milimita 50 hivi ili tone lidondoke ndani ya gata. Likiwa limekatwa sawasawa na ubao, maji hujikunja chini ya ukingo wa bati na kuteremka kwenye uso wa mbao. Ukibadilisha ubao bila kurekebisha bati, umeyanunulia maji chakula kipya. Dawa yake ni ukanda wa bati bapa unaoingizwa chini ya mabati na kukunjwa ushukie ndani ya gata. Fundi wa jua kali wa Kamukunji au Kariobangi hukunja ukanda kama huo kwa kipimo unachompelekea, na gharama yake ukiilinganisha na ya kupandisha mbao mara ya pili ni ndogo.

Mteremko wa gata ni milimita 5 kwa kila mita, yaani mita 10 zishuke sentimita 5. Fundi asiyejua huinamisha fesha bodi yenyewe ili gata lipate mteremko, na nyumba nzima inaonekana imelewa. Ubao hukaa sawa na pima maji. Kinachoinama ni gata peke yake, kwa kushusha breketi moja baada ya nyingine chini ya uzi uliovutwa sawa.

Mchwa wana alama zao. Tafuta njia za udongo zinazopanda ukutani, hasa nyuma ya mabomba na ndani ya nyufa za plasta. Mchwa wa udongo mwekundu wa huku hawaishi ndani ya ubao, wanarudi ardhini kufuata unyevu, kwa hiyo kupaka dawa fesha bodi mpya na kuiacha njia ya udongo ukutani ni kuwabadilishia menyu. Vunja njia, tibu udongo wa msingi, ziba nyufa, ndipo upandishe mbao. Ukiona badala yake vitundu vidogo vya mviringo na vumbi laini kama unga, hao ni wadudu wanaotoboa mbao, na huenda walikuja wakiwa ndani ya ubao tangu yadi.

Yadini sasa. Mbao inayotumika zaidi ni saipresi, ikifuatwa na paini, ambayo nyingi siku hizi inatoka Tanzania. Bei zilivurugika tangu Februari 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, na hata Rais alipotangaza Julai 2023 kwamba marufuku imeondolewa, wauzaji hawakuharakisha kushusha bei. Kipimo cha kawaida cha fesha bodi ni inchi 8 kwa 1 au 9 kwa 1, na huuzwa kwa futi. Kumbuka kwamba 8 kwa 1 ni jina la mbao kabla ya randa. Ikishapigwa randa utabaki na kama inchi 7 na nusu kwa robo tatu. Ikiwa fesha ya zamani ilifunika inchi 8 kamili, mpya itaacha ufa kati yake na dari ya upenu, na utautambua siku nyuki watakapoutambua. Pima ubao wa zamani kwanza, halafu ununue mkubwa kidogo upunguzwe.

Saipresi iliyoiva ina moyo wa rangi ya hudhurungi unaostahimili kuoza kwa kiasi. Ile sehemu nyeupe ya pembeni, iliyo karibu na ganda, haistahimili. Kataa ubao ambao nusu yake ni nyeupe, wenye ganda kwenye ukingo, au wenye vifundo vyeusi vilivyolegea. Kifundo cha namna hiyo kitadondoka na kukuachia tundu. Paini isiyotibiwa, ikikaa nje, huoza mapema, lakini ina sifa moja: inanywa dawa vizuri kuliko saipresi. Paini iliyotibiwa kwa shinikizo, kwa dawa ya shaba, kromi na aseniki, ile ile inayozipa nguzo za umeme rangi ya kijani, hudumu kuliko saipresi mbichi ya bei ya juu. Masharti ni mawili. Kila ukikata, paka dawa kwenye mkato, kwa sababu katikati huenda haikufikiwa. Na vipande vinavyobaki visiende jikoni. Moshi wake una aseniki, na Nairobi vipande vya mbao havikosi mtu wa kuvichukua kwa ajili ya jiko. Mwambie mapema.

Ubichi ndio ugonjwa mkubwa wa mbao za mjini. Ubao uliopasuliwa wiki iliyopita utapigiliwa ukiwa umenyooka, na Januari utakuwa umejikunja kama kigae na kupungua upana karibu sentimita moja. Rangi inapasuka, maungio yanaachana. Kipimo rahisi: ubao mbichi ni mzito kuliko mwenzake wa kipimo hicho hicho, ncha yake ni baridi ukiigusa, na ukipiga msumari unaona unyevu ukitokeza pembeni yake. Mwenye mita ya unyevu asikubali zaidi ya asilimia 15 hivi. Huna mita na huna haraka? Nunua mapema, zipange kivulini juu ya matofali, weka vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, weka uzito juu, uzipe wiki 4 hadi 6. Pesa ya kazi hiyo ni sifuri, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Tuje kwenye vipimo. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 8, paa la pande nne, upenu wa sentimita 60 kila upande. Ukingo wa paa ni mita 11.2 kwa 9.2, hivyo mzunguko ni mita 40.8, sawa na futi 134. Wengi huongeza asilimia 10 ya upotevu na kuagiza futi 147 za urefu wowote. Kosa. Ubao hauungwi popote unapoishia, unaungwa juu ya ncha ya rafta. Kama rafta zimepishana futi 4, upande mrefu wa futi 36.7 unataka mbao 3 za futi 14, ambazo utazikata ziungane kwenye futi 12 na futi 24. Upande mfupi wa futi 30.2 ukiununulia za futi 14 utahitaji 3. Ukinunua za futi 16, mbili zinatosha na muungano unaangukia rafta ya futi 16. Jumla: mbao 6 za futi 14 na 4 za futi 16, futi 148. Ni karibu futi zile zile, ila orodha hii inapandishwa juu bila viraka. Kwa hiyo pima nafasi za rafta kwanza, ndipo uende kwenye yadi za mbao za Gikomba na karatasi yenye urefu wa kila ubao. Muuzaji atakwambia, "Chukua tu hizi za futi 10, utaunga." Yeye haishi chini ya paa hilo.

Paa lenye pembe mbele na nyuma lina hesabu nyingine, maana kuna mbao zinazopanda na mteremko. Kwa nyumba hiyo hiyo, mteremko wa nyuzi 25, kila ubao wa kupanda una mita 5.1 hivi, na ziko 4. Hizo hazibebi gata, lakini ndizo zinazopigwa na jua na mvua moja kwa moja, na ncha zake za chini huwa za kwanza kuoza.

Sasa bei. Hizi ni za mfano, za kuonyesha uzito wa kila kitu kwenye bili. Weka za siku yako. Mbao futi 148 kwa shilingi 120 ni 17,760. Usafiri wa pikapu 3,000. Praima (rangi ya msingi), andakoti (ya katikati), rangi ya glosi (ya mng'ao), tapentaini na brashi 6,000. Misumari, skrubu, pati na msasa 2,500. Fundi 2 kwa siku 4, kila mmoja 1,800 kwa siku, na mtu wa mkono mmoja kwa 900, jumla 18,000. Majukwaa ya kukodi 4,500. Umefika 51,760, na mbao ni theluthi moja tu. Hapo hujagusa rafta hata moja, wala gata. Tenga asilimia 20 ya yasiyoonekana, na bili inakuwa 62,000 na kitu. Anayekupa hesabu isiyo na fungu hilo ana nia ya kulidai katikati ya kazi, paa likiwa wazi na mawingu yakikusanyika Ngong.

Usinunue rangi kwa debe. Mita 45 za ubao wa inchi 8, pande zote na kingo, ni kama mita za mraba 20. Lita moja ya praima hufunika mita za mraba 10 hadi 12, kwa hiyo lita 2 zinatosha. Andakoti ya uso na ukingo wa chini ni lita 1, glosi mikono miwili ni lita 2. Makopo ya lita 1 ni ghali kidogo kwa lita kuliko ya 4, lakini nusu ya kopo inayobaki inagandia stoo. Misumari ya inchi 3: ncha za rafta na kona ni kama 40, misumari 3 kila moja, jumla 120, kilo moja haiishi. Breketi za gata, ukiziweka kila sentimita 90, ni 46. Ziwe kila sentimita 60 kama bati ni refu na mvua ya eneo lako inapiga kwa fujo, nazo zinakuwa 68. Tofauti ya breketi 22 ni bei ndogo kuliko gata lililoanguka juu ya gari.

Nyumba ya ghorofa hupindua hesabu yote. Mezoneti ya kawaida huenda ikawa na futi chache za fesha kuliko bangalo, lakini majukwaa ya kufika mita 6 juu, kuyahamisha upande hadi upande, na siku zinazoongezeka, huweza kuishinda bei ya mbao mara mbili. Mafundi wengine hujitolea kuifanya kwa ngazi ndefu ili wapate kazi. Ubao wa futi 16 una watu wawili, mmoja kila ncha, kila mmoja ana mkono mmoja tu wa kazi kwa sababu wa pili umeshika ngazi. Ubao hautanyooka, na mtu anaweza kuanguka. Ukishakodi majukwaa, maliza kila kitu kilicho juu wakati mmoja: fesha, gata, dari ya upenu, hata nyufa za ukuta wa juu.

Kazi yenyewe huanzia chini, siyo juu. Mbao zipigwe msasa, zipakwe praima pande zote sita zikiwa juu ya viti vya seremala: uso, mgongo, kingo mbili na ncha mbili. Mgongo hauonekani, kwa hiyo husahauliwa, na ndio unaonywa unyevu wa darini. Ubao uliopakwa uso tu hufura nyuma na kubaki ulivyo mbele, kisha unajikunja. Ncha zipewe praima mara mbili, kwa sababu nyuzi za mbao pale ni kama mirija iliyo wazi. Vifundo vipakwe shelaki kwanza, la sivyo utomvu utachora duara la njano kwenye rangi yako nyeupe.

Kushusha: anza na gata, lote, kipande kwa kipande, kila kimoja na namba. Gata la plastiki lililokaa juani miaka mingi hukauka na kuvunjika kama biskuti, hivyo panga kununua breketi na maungio mapya. Waya wa umeme unaotoka nguzoni mara nyingine umefungwa kwenye kishikizo kilicho kwenye fesha bodi au jirani yake. Huo si wa fundi wa mbao kusogeza. Kenya Power ndio wa kuuzima na kuuhamisha, na ombi hilo lipelekwe kabla mbao hazijanunuliwa. Rangi ya zamani sana huweza kuwa na madini ya risasi. Ilowanishe ukiisugua, usirushe vumbi, na watoto wasicheze chini. Ukikuta paa ni la asbestosi, simamisha kazi. Kanuni za usimamizi wa taka zinaihesabu miongoni mwa taka hatari, kuikata au kuitoboa hutoa nyuzi zinazoua mapafu polepole, na kazi hiyo ina watu wenye leseni na bili yake pembeni.

Ng'oa upande mmoja kwa siku, siyo nyumba nzima. Mvua ya Nairobi haina adabu, na paa lililo wazi pande nne usiku mmoja litaleta ndege, paka na maji kwa pamoja.

Ukishang'oa, utaona ukweli wa ncha za rafta. Iliyooza sentimita 10 au 15 haihitaji kubadilishwa nzima. Kata hadi mahali pazima, kisha funga ubavuni mwake kipande kipya cha 4 kwa 2 chenye urefu wa sentimita 90 hivi, kwa boliti au skrubu nene, kikiwa kimepakwa dawa. Hapa pia ndipo linapojificha kosa la wajenzi wa kwanza: fesha ilipigiliwa moja kwa moja kwenye ncha ya rafta, msumari ukaingia sambamba na nyuzi za mbao. Msumari wa namna hiyo haushiki. Unalegea kila gata linapojaa. Piga kipande kifupi cha 2 kwa 2 kikiwa wima ubavuni mwa kila rafta, sawa na ncha yake, ndipo fesha ishikwe kwa skrubu zinazokata nyuzi. Ni vipande 34 au zaidi kwa nyumba yetu ya mfano, na asubuhi moja ya kazi. Sijui nyongeza nyingine ya bei ndogo hivyo inayoongezea fesha bodi umri kiasi hicho.

Kisha uzi. Funga kutoka kona hadi kona, uvute ulie. Ncha za rafta hazitakuwa kwenye mstari mmoja, hazijawahi kuwa. Iliyotokeza ikatwe, iliyorudi nyuma ijazwe kwa kipande chembamba. Ukiruka hatua hii ubao utafuata mawimbi, na mawimbi hayo yanaonekana kutoka barabarani hadi siku ubao utakapobadilishwa tena. Muungano ukatwe kwa mshazari wa nyuzi 45, uelekezwe ili upepo wa mvua usiingie moja kwa moja, upakwe praima na gundi isiyoogopa maji, uangukie katikati ya rafta. Kona nazo nyuzi 45. Vichwa vya skrubu na misumari vizamishwe milimita 2, pati ijazwe baada ya praima, kwa sababu pati iliyowekwa kwenye mbao kavu isiyopakwa hunyonywa mafuta na kudondoka.

Kwenye paa la vigae, hakikisha ukingo wa juu wa ubao mpya uko pale pale ulipokuwa wa zamani. Ukishuka sentimita 2, safu ya kwanza inainama kupita kiasi, mianya inafunguka kati yake na ya pili, na utaletewa lawama ya paa kuvuja ambayo chanzo chake ni fesha. Kwenye vigae vya bati lenye chengachenga za mawe, ukanda wa ukingoni umepigiliwa kwenye uso wa fesha. Ukiung'oa kwa haraka utapinda, na rangi yake ni shida kuipata ikilingana. Dari ya upenu nayo, ikiwa imechomekwa kwenye mfereji mgongoni mwa fesha, itavunjika ukingo. Hesabu vipande hivyo kabla.

Je, mbao ni lazima? Fesha za plastiki hazitaki rangi na mchwa hawana hamu nazo, ila hutanuka juani: kipande cha mita 5 hubadilika milimita 6 hadi 7 joto likipanda nyuzi 20, kwa hiyo acha nafasi kwenye kila muungano na utoboe matundu mapana kuliko skrubu. Nyingi hazina nguvu ya kubeba gata bila ubao nyuma yake, na hapo bei inarudi kuwa mbili. Ubao wa saruji yenye nyuzi ni mgumu na hauozi, lakini ni mzito, huvunjika ukidondoshwa, na vumbi lake ukikata ni baya kwa kifua. Kisha kuna ile njia inayouzwa sana mitaani: kuufunika ubao wa zamani kwa bati la rangi lililokunjwa. Juu ya mbao nzima na kavu ni kazi safi, itakupunguzia kupaka rangi kwa miaka mingi. Juu ya mbao iliyoanza kuoza ni kuifungia unyevu ndani. Kwa macho hutaona kitu, hadi gata litakapoanguka na breketi zake zikiwa zimeng'ang'ania vipande vya mbao iliyolainika.

Wakati mzuri ni Januari na Februari. Julai hadi Septemba pia hakuna mvua nyingi, lakini baridi na mawingu huchelewesha rangi kukauka. Usipake glosi baada ya saa 9 alasiri, umande utaiondolea mng'ao usiku huo huo. Machi mwishoni usianze kabisa, hata fundi akuapie.

Makubaliano yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu: bei ni ya kazi tu au na vifaa, kung'oa na kutupa mbao za zamani ni juu ya nani, gata litarudishwa na nani, rangi ni mikono mingapi, na rafta iliyooza italipwa shilingi ngapi kila moja. Hilo la mwisho ndilo linalozuia ugomvi. Ukiambiwa, "Bosi, hiyo ni kazi ndogo, tutaelewana tukifika," jibu kwa upole kwamba tuelewane kabla ya kufika. Vifaa vinunuliwe kwa pesa yako mkononi mwako, na risiti yenye kodi ya asilimia 16 ionekane. Shika asilimia 10 ya malipo ya kazi hadi mvua moja inyeshe.

Au usingoje mvua. Siku ya mwisho, kabla majukwaa hayajashushwa, pandisha jerikeni la lita 20 hadi mwisho wa gata ulio mbali na bomba la kushuka, uyamwage maji polepole juu ya bati ili yateremke yenyewe. Mtu mmoja asimame chini ya dari ya upenu, mwingine aweke kiganja nyuma ya gata, kati yake na fesha mpya. Kiganja kikitoka kikavu mita zote 11, mafundi wafunge vyombo. Kikilowa, tia alama pale kilipolowa. Kasoro iko kwenye bati fupi au breketi iliyopanda juu ya uzi, na zote mbili zinarekebishika jioni hiyo hiyo jukwaa likiwa bado limesimama.